Mama kapiga marufuku chuma: historia ya bomba la kujivutia, kutoka Berlin mpaka uani kwetu

Najua nimeadimika, na wengine mmeniulizia pale kwenye vimbwete kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa nyumbani likizo, na likizo yenyewe ilikuwa na msukosuko ambao ndio nataka kuwasimulia leo. Natoa tahadhari mapema: ni ndefu, na ndani yake kuna Historia. Mwalimu mtarajiwa akishika kalamu mjue mmekaa kwenye kipindi cha dakika themanini.

Kisa kinaanza na boom. Siku lilipoingia nikaenda Kariakoo kununua bomba la kujivutia, lile la mlangoni. Mnalijua: bomba linalorefuka ukilizungusha, ncha zake zote mbili zimevalishwa raba, unalikaza katikati ya fremu za mlango halafu unaning'inia. Mimi mnanijua nilivyo mwembamba. Mwaka wa kwanza kule bwenini nilikuwa siwezi kujivuta hata mara moja, nabaki nimening'inia kama shati kwenye kamba huku wenzangu wanahesabu "sifuri... sifuri..." Nikasema likizo hii nitarudi mtu mwingine.

Nikalifunga mlango wa chumba chetu, mimi na mdogo wangu. Dogo yuko kidato cha pili, ana miaka 14, na chochote ninachofanya lazima naye afanye. Wiki ya kwanza nikafikisha mara mbili. Ya pili, nne. Wiki ya tatu nilikuwa uani nafua nikasikia kishindo ndani, halafu kimya, halafu kelele. Nilipofika Dogo yuko sakafuni, bomba liko pembeni yake, na mkono umepinda pale juu kidogo ya kiganja, mahali ambapo mkono haupindi.

Mfupa ulivunjika. Hospitalini wakaunyoosha, wakamfunga plasta, lile hogo zito. Mama hakunigombeza njia nzima. Tulipofika nyumbani akaliokota bomba, akanikabidhi na kusema: "Hiki chuma kisilale humu ndani. Na wewe unayesomea ualimu, hao watoto wa watu utakaopewa, utawarudisha kwao wazima?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tu "Nisamehe mama", nikatoka na chuma changu.

Swali lile lilinifuata mpaka chuoni. Na mimi nikiwa na swali lisilo na jibu huwa nakimbilia kule ninakokujua, yaani kwenye Historia. Nikajiuliza: hiki chuma kimetoka wapi? Nani alikaa akafikiri kwamba binadamu aning'inie kwenye fito na kujivuta? Na kiliingiaje milangoni mwa watu? Nikatoa vitabu, nikasoma, na nilichokuta kinachekesha na kuuma kwa pamoja.

Mjerumani na fito lake

Sisi tunaosoma Historia, ukitaja Wajerumani tunamkumbuka Carl Peters na mikataba yake ya 1884, tunakumbuka Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Sasa rudini nyuma zaidi, wakati Ujerumani yenyewe ndiyo iliyokuwa inapigwa. Mwezi Oktoba 1806 Napoleon aliisambaratisha Prussia kwenye vita vya Jena. Wafaransa wakaingia Berlin. Kwa Wajerumani wengi ilikuwa fedheha kubwa.

Miongoni mwa walioumia alikuwemo mwalimu mmoja anaitwa Friedrich Ludwig Jahn, aliyezaliwa 1778. Mwalimu, wadau, mwenzetu kabisa. Alikuwa anafundisha Berlin, na mwaka 1810 akaanza kuwachukua wanafunzi wake Jumatano na Jumamosi mchana kwenda nje ya mji kucheza na kufanya mazoezi. Mwaka 1811 akafungua uwanja rasmi mahali panapoitwa Hasenheide, wakati ule nje kidogo ya Berlin. Mazoezi yake akayaita Turnen. Uwanja ulikuwa na milingoti ya kupanda, kamba, magogo ya kutembelea, na mafito ya kulala yaliyobebwa na nguzo. Fito hilo akaliita Reck, neno la watu wa kaskazini mwa Ujerumani la fito la kutundikia vitu. Mwaka 1816 yeye na msaidizi wake Ernst Eiselen wakatoa kitabu kinachoeleza vifaa vyote hivyo na jinsi ya kuvitumia.

Jahn hakuanzia hewani. Mwalimu mwingine, GutsMuths, alikuwa ameshaandika kitabu cha mazoezi ya vijana mwaka 1793, akiwa anafundisha shule ya Schnepfenthal. Kwa hiyo wazo kwamba mwanafunzi ana mwili pia, si kichwa peke yake, lilikuwa limeshapandwa na walimu. Jahn alilitoa shuleni akaliweka uwanjani, mbele za watu, na akalitia siasa.

Na hapa ndipo kazi ilipo. Kwenye uwanja ule wote walivaa nguo za aina moja za kitani rahisi, mtoto wa tajiri na mtoto wa fundi hawatofautishwi. Wakaitana kwa ile "wewe" ya kindugu badala ya ile ya heshima ya wakubwa. Kwa Prussia ya wakati ule, yenye mabwana na watwana wake, hilo halikuwa jambo dogo. Ukiwa unaning'inia kwenye fito, ukoo wa baba yako haukusaidii. Ama unajivuta ama hujivuti.

Lakini nisiwadanganye kwa kumpamba. Jahn alikuwa na chuki kali dhidi ya Wafaransa na dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1817, kwenye mkusanyiko wa wanafunzi wa vyuo pale Wartburg, wafuasi wake walichoma moto vitabu walivyovichukia, na kimojawapo kilikuwa cha Saul Ascher, mwandishi Myahudi aliyekuwa amekosoa uzalendo wao. Wanafunzi wa chuo, wadau, umri wetu huu huu. Fito lile lile lililowafanya vijana wawe sawa lilitumika pia kuchora mstari wa nani ni "wetu" na nani si wetu. Ukishajenga mwili wa vijana, lazima ujiulize unawajenga kwa ajili gani.

Marufuku ya kwanza

Machi 1819 mwanafunzi mmoja wa kundi hilo, Karl Sand, alimuua kwa kisu mwandishi August von Kotzebue kule Mannheim. Serikali zikapata sababu ziliyokuwa zinaitafuta. Julai mwaka huo huo Jahn akakamatwa. Hasenheide ikafungwa. Kuanzia 1820 Turnen ikawa marufuku Prussia, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1842. Miaka 22! Jahn alipoachiwa 1825 alikatazwa kuishi Berlin na kwenye mji wowote wenye chuo kikuu au shule ya sekondari. Yaani waliogopa asikae karibu na mwanafunzi hata mmoja.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktaba mpaka dada wa kaunta akanitolea jicho. Nikasema kumbe mama yangu si wa kwanza. Mfalme wa Prussia alimtangulia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipopata jibu la swali la mlango. Mazoezi yalipokatazwa hadharani hayakufa. Yaliingia ndani. Eiselen, yule msaidizi wa Jahn, aliendelea kufundisha Berlin kwenye ukumbi wa faragha, na wengine hivyo hivyo. Nje kulikuwa na nafasi ya kukimbia, kurusha na kupanda milingoti mirefu. Ndani ya kuta nne unahitaji vifaa vinavyoshika nafasi ndogo, na fito ni kimojawapo. Fito lililozaliwa kwenye nguzo zilizochimbiwa ardhini likajifunza kuishi chini ya dari. Baadaye katika karne hiyo hiyo mti ukaachia nafasi chuma, ambacho ni chembamba zaidi na kinashikika vizuri.

Kwa maneno mengine, marufuku ilisaidia sana kukiingiza chuma ndani ya nyumba. Kwetu Mbagala marufuku imekitoa nje. Historia ina utani wake.

Kutoka uwanja wa vita mpaka darasani

Baada ya 1842 mambo yaligeuka. Serikali iliyokuwa ikiogopa mazoezi ikaona yana faida: kijana anayeweza kujivuta anaweza kupanda ukuta na bunduki mgongoni. Yakaingizwa mashuleni. Mapinduzi ya 1848 yaliposhindwa, Wajerumani wengi walikimbilia Marekani na kuanzisha vyama vyao vya mazoezi huko, kile cha Cincinnati kikianza mwaka huo huo wa 1848. Mwaka 1896 Olimpiki ya kwanza ya zama hizi ilipofanyika Athens, fito lilikuwemo, na mshindi alikuwa Mjerumani Hermann Weingärtner. Fito la mashindano leo lina unene wa milimita 28, urefu wa mita 2.4 na linakaa mita 2.8 kutoka sakafuni. Shikeni hiyo 28, tutairudia.

Kipande kilichonigusa zaidi kama mwalimu ni cha Marekani miaka ya 1950. Mwaka 1953 yalitoka matokeo ya majaribio yaliyoonyesha watoto wa Marekani wameshindwa kwa wingi vipimo vya misuli ambavyo watoto wa Ulaya walivifaulu. Ilikuwa zama za vita baridi, wakubwa wakashtuka. Rais Eisenhower akaunda baraza la afya ya vijana mwaka 1956, na baadaye likaja jaribio la taifa mashuleni. Wavulana walipimwa kwa kujivuta kwenye chuma, wasichana wakapimwa kwa kuning'inia mikono ikiwa imekunjwa. Kwa miongo kadhaa mamilioni ya watoto wakasimamishwa mbele ya wenzao, mmoja mmoja, chini ya bomba. Jaribio hilo liliondolewa baada ya mwaka wa shule 2012/2013, likabadilishwa na mpango unaoangalia afya ya mtoto zaidi kuliko kumshindanisha. Mwaka 2025 Rais Trump akasaini amri ya kulirudisha.

Mimi sitaki kuingia ugomvi wa Wamarekani. Lakini ile "sifuri... sifuri..." ya bwenini naijua. Mtoto akipata sifuri kwenye chuma, ile sifuri haikwambii kama anafanya mazoezi au hafanyi, haikwambii kama ana uzito mkubwa, au mikono mirefu, au hajala tangu jana. Na haimfundishi namna ya kupata moja. Inamfundisha kuchukia chuma tu. Kumbe na mimi nilikuwa nimemfanyia Dogo kitu cha karibu na hicho. Nilikuwa namhesabia. Siku aliyoanguka alikuwa peke yake, anajaribu kufikisha nne zangu kabla sijamaliza kufua.

Sasa, kununua

Haya, wale mliokuja kwa ajili ya chuma na si kwa ajili ya Prussia, kipindi chenu hiki. Nimeyajua haya baada ya ajali. Ningeyajua kabla, dukani pale ningeuliza maswali.

Bomba la kutanuka, kama langu. Halikai juu ya kitu chochote. Linashikiliwa na msuguano tu, kwa kusukuma fremu mbili za mlango zitanuke. Fremu ikiwa ya mbao iliyolegea ukutani, inasogea. Ikiwa imepakwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa, raba inateleza. Na ukijipinda wakati umening'inia, mikono yako inaweza kulizungusha upande wa kulegea. Kwetu vyote vitatu vilikuwepo. Dogo alikuwa anajibembeza ili apate mwendo wa kupanda. Rafiki yangu wa Fizikia akanipigia hesabu: mtu akijibembeza kutoka nyuzi 60, anapopita chini kabisa bomba linabeba mara mbili ya uzito wake. Dogo ana kilo 45. Lile bomba lilipimwa na kilo 90, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kulipima hata na kilo zangu 58 zikiwa zinabembea.

Bomba la kulabu. Hili linalala juu ya ubao wa fremu upande mmoja wa ukuta na kuegemea upande wa pili, kwa hiyo uzito wako ndio unaolikaza. Ni salama kuliko la kwanza, ila linahitaji ubao uliotokeza juu ya mlango na ukuta mzima. Nyumba zetu nyingi juu ya mlango hakuna ubao uliotokeza, au kuna kidirisha cha hewa. Likikosa pa kulala halina kazi. Pima mlango kwanza, ndipo uende dukani.

Bomba la kufunga ukutani kwa bolti. Imara sana, kama bolti zimeingia kwenye zege, yaani kwenye lenta au nguzo. Kwenye tofali lenye tundu au la udongo bolti inang'oka na kipande cha ukuta. Na kama umepanga, mwenye nyumba aulizwe kabla, si baada.

Stendi ya kusimama yenyewe. Haigusi ukuta, lakini inakula chumba kizima, na zile nyepesi zinayumba. Kwa geto la chumba kimoja sahau.

Nguzo mbili za chuma uani, zimechimbiwa na kumwagiwa zege, juu bomba limechomelewa. Hapa ndipo tulipofika sisi.

Kwa aina zote, unene ni muhimu. Lile la Olimpiki ni milimita 28. Ukienda nene sana, viganja vinachoka kabla ya mgongo, hasa kwa mtoto. Na urefu kutoka chini uwe ule ambao mtu akiachia anatua kwa miguu, haanguki.

Mkutano wa amani

Wikiendi iliyopita nilirudi nyumbani. Nikamwamkia mama, "Shikamoo", akaitikia "Marahaba" ile ya nusu. Nikamsubiri amalize kuchambua mchele, nikamsimulia yote: Jahn, marufuku, Eiselen na ukumbi wake. Akasikiliza. Mwisho akasema, "Kwa hiyo mfalme alikataza miaka ishirini na mbili. Mimi nimekataza mwezi mmoja na nusu tayari mnanisumbua."

Nikamwambia mama, sikuja kuomba bomba lirudi mlangoni. Lile sitalirudisha. Nimekuja kusema kosa lilikuwa langu. Nililifunga bila kulipima, sikumwonyesha Dogo chochote, nikamwachia anishindanie. Uliniuliza kama nitarudisha watoto wa watu wazima. Jibu ni kwamba kwa jinsi ile nisingewarudisha.

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Hizo nguzo zitakaa wapi?"

Jumamosi tulichimba karibu na mwembe, kina cha sentimita 60 kila shimo. Fundi wa kuchomelea wa mtaani alikuwa ameshaunganisha, bomba la juu akalichomelea pande zote, na chini akaacha vipande vya nondo vishike zege. (Ndiyo, wadau, nondo za kweli, si zile za kudesa.) Dogo hogo limetoka lakini mkono bado haunyooki vizuri, daktari kampa mazoezi ya kukunja na kunyoosha. Kazi yake siku ile ilikuwa kushika timazi kwa mkono wa kushoto na kumwambia fundi "bado, bado, hapo hapo".

Fundi alitaka tujaribu Jumapili. Mama akakataa: saruji ipewe angalau wiki nzima kabla ya mtu kugusa, na nguvu yake kamili inahesabiwa siku ya 28. Alikuwa sahihi. Asubuhi namuaga nikamkuta anazimwagia nguzo maji ili zege lisikauke haraka. Hakusema kitu. Nikachukua ndoo ya pili nikamwagia upande wangu, kisha nikakimbilia daladala.

Tumeweka bomba mbili. La juu ni langu. La chini linamfika Dogo kifuani, ili akipona aanze kwa kujivuta miguu ikiwa chini, taratibu, bila kubembea. Na tumekubaliana: hakuna kuhesabiana.

Mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha, kidato cha kwanza na cha pili. Rika la Dogo, darasa zima. Swali la mama nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari la maandalio ya masomo.

Tuko pamoja. Mwenye mlango wenye rangi ya mafuta, ashuke.